Bibi Afya Anajibu: Pipa limedondoka mtaani, nani aitwe?

Hamjambo wasomaji wangu. Safari hii karibu barua zote zimeangukia jambo moja: vitu vya sumu vinavyomwagika barabarani, gereji na baharini, na ni nani wa kuvizoa. Naanza na barua ya mama wa Duga, hapa hapa Tanga. Jibu lake ni refu, kwa hiyo mwenye chungu jikoni akiepue kwanza. Walioniuliza habari za kunguni wanisubiri toleo lijalo. Kunguni hawana haraka.

SWALI: Shikamoo Bibi Afya. Usiku lori lilipita mtaani kwetu likadondosha pipa la plastiki la buluu, likapasuka. Maji yaliyotoka hayakuwa na rangi, ila yalifuka moshi na kutukaba koo. Tukampigia mwenyekiti wa mtaa, naye akampigia mtendaji wa kata, mtendaji akasema hiyo ni ya Zimamoto, mwingine akasema ni ya watu wa mazingira. Alfajiri jirani mmoja akachoka kungoja, akamwagia ndoo za maji, yote yakaishia mtaroni. Kuku wamekufa na mtoto wa jirani ameungua nyayo. Hii kazi ni ya nani? Na huko kwenye miji mikubwa wanapangaje? — Mama wa Watatu, Duga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Huyo mtoto kama hajapelekwa hospitali ya Bombo apelekwe leo hii. Tindikali haitibiwi kwa dawa ya meno wala kwa asali. Siku nyingine, kabla ya hospitali, ni maji ya bomba yanayotiririka juu ya ngozi kwa dakika 20 au zaidi, nguo na ndala zikiwa zimevuliwa. Maji ni mazuri kwenye mwili wa mtu. Juu ya tindikali iliyotuama chini ni habari nyingine: ndoo moja huichemsha na kuirusha, na inayobaki inatembea nayo mpaka mtaroni, kama mlivyoona.

Simu ya kwanza usiku ule ilikuwa 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwenyekiti na mtendaji wangejulishwa baadaye. Ukipiga, usianze na lori lilivyokuwa likikimbia. Taja mahali kwanza. Wenzenu wa Ngamiani wana bahati, barabara zao zina namba. Nyie wa Duga tajeni msikiti, shule au sheli iliyo karibu. Halafu sema ulichokiona kwa macho: pipa la rangi gani, limeandikwa nini, linafuka au halifuki, upepo unaelekea wapi, nani kaumia. Jina la kemikali usilikisie. Ukisema ni tindikali na kumbe ni dawa ya mashambani, umewapoteza watu wanaokuja kukuokoa.

Zimamoto wakifika wanaokoa, wanawahamishia watu upande upepo unakotokea, wanafunga njia, wanatafuta kujua kilichomwagika ni nini, na wanakizuia kisitembee. Hapo kazi yao inaishia. Kuzoa na kusafisha ni kazi ya mwingine, na hapo ndipo mtaa wenu ulipokwama, maana kila mtu alikuwa anangoja aje mmoja afanye yote. Hata Marekani na Uingereza ni hivyo hivyo. Magari ya Zimamoto ya Uingereza hubeba vifaa vya kuzuia uchafuzi wanavyopewa na wakala wa mazingira wa nchi yao: mkeka mzito wa kufunika mdomo wa mtaro, udongo laini wa kuzibia tundu la pipa, na vitambaa vinene vya kunyonya mafuta. Nilipoona picha ya ule mkeka nilicheka peke yangu. Salfeti ya mchanga iliyofungwa ndani ya nailoni nzito, ikalazwa juu ya tundu la mtaro, inafanya kazi ile ile, na mchanga Tanga haujawahi kutuishia. Siku mbaya ikija, jambo linalookoa mtaa mzima ni kuziba mtaro katika dakika za mwanzo. Ila azibe aliye juu ya upepo na aliye mbali na kilichomwagika. Kama harufu inakufikia, hapo ulipo si pa kusimama.

Sasa mwenye beleshi ni nani? Kwa sheria, wa kwanza ni mwenye mzigo. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka msingi kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana uwezo wa kumpa amri ya kurejesha mahali kama palivyokuwa. Tena iko Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003, iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayomtaka anayeshughulika na kemikali hizo asajiliwe. Maana yake pipa la buluu lina baba yake, na baba huyo yumo kwenye daftari fulani. Kwa hiyo kile kibandiko kilichobaki kwenye plastiki ni ushahidi. Kipigeni picha kwa mbali, msikioshe.

Tabu inakuja pale mwenye mzigo ametimua mbio saa nane za usiku. Hapo ndipo miji iliyojipanga inapoachana na miji isiyojipanga. Mji uliojipanga hauanzi kutafuta mtu wa kuzoa usiku huo. Ulishamtafuta mwaka uliopita. Halmashauri inakuwa imetangaza zabuni, imechagua kampuni moja au mbili zenye leseni, na kusaini nazo mkataba wa kuitwa. Kampuni hailipwi kwa kukaa, inalipwa ikiitwa. Lakini bei zote zimeandikwa tayari: saa moja ya gari la kunyonya ni kiasi gani, fundi mwenye nguo za kinga na mtungi wa hewa ni kiasi gani, pipa tupu la kuwekea uchafu, kilo ya unga wa kunyonya, safari ya kwenda kuteketeza, mpaka gharama ya kupima udongo. Imeandikwa simu itapokelewa na nani usiku na Idi, na baada ya simu watafika ndani ya muda gani. Imeandikwa pia nani upande wa mji ana mamlaka ya kuwaita, kwa jina la cheo, ili ofisa wa zamu asiogope kunyanyua simu akidhani atakatwa mshahara.

Nimeukalia mkataba huu kitako kwa sababu, kwa miaka yangu yote ya kazi, nimeona uoga wa karatasi ukiharibu zaidi kuliko ukosefu wa vifaa. Ofisa anajua cha kufanya, gari la kunyonya lipo mjini, lakini hakuna aliyekubali bei, basi kila mmoja anangoja mwenzake asaini. Sheria ya Ununuzi wa Umma ina nafasi ya ununuzi wa dharura, sawa, lakini kuitumia kukiwa na amani ya kufikiri ni tofauti na kuitumia huku watu wanakohoa. Na mwenye gari akiona mji mzima umekaa roho juu, bei anaipandisha. Ni biashara, simlaumu.

Kuna jambo lingine ambalo mkataba mzuri haulisahau: uchafu uende wapi. Niliwahi kufika mahali ambapo lori la mafuta lilipinduka kwenye njia ya kwenda Segera. Siku ya pili mchanga uliolowa dizeli ulizolewa vizuri sana, ukapakiwa kwenye tipa, watu wakapiga makofi. Tipa likaenda kuumwaga kwenye shimo la mwenye shamba aliyetaka kifusi cha bure. Mvua za vuli zilipokuja, kisima cha jirani yake kikaanza kunuka, na chai ya nyumba ile ikanuka. Mwagiko ulihamishwa tu, kutoka kando ya lami mpaka kwenye birika la mtu.

Ndiyo maana wenzetu wana hati inayoongozana na kila pipa la uchafu. Anayelitoa anasaini, anayelibeba anasaini, anayeliteketeza anasaini, na nakala inarudi kwa wa kwanza. Nakala isiporudi, maswali yanaanza. Marekani walilazimisha utaratibu huo nchi nzima tangu 1980, baada ya miaka ya kutupa mapipa porini na mabondeni. Na aliyesafisha siye anayetangaza kwamba pamesafishika. Udongo unachukuliwa, unapelekwa maabara, na mtu mwingine asiyelipwa na yule msafishaji ndiye anayefungua njia.

Kwenu huko Duga, leo: nendeni kwa ofisa mazingira wa Jiji kwa maandishi, nakala NEMC, mtaje siku, saa, picha ya kibandiko na mtaro ulikoishia. Wenye visima karibu na mtaro huo wasitishe kunywa mpaka maji yapimwe. Kuku waliokufa wasiliwe, hata kama kuna aliyewawahi kwa kisu. Na lile pipa, nawajua watu wetu, asitokee wa kulisuuza akawekea maji ya kunywa ya harusi. Litobolewe na watakaokuja kulichukua.

SWALI: Bibi shikamoo. Mimi ni bodaboda wa Makorora. Lori la petroli likianguka watu wanakimbilia na madumu. Wengine wanasema ukizima simu na usipovuta sigara hakuna neno. Ni kweli? — Kijana wa Makorora

JIBU: Marahaba. Si kweli hata chembe.

Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori lilipinduka na watu wakakimbilia kuchota. Waliokufa walipita 100, wengi wao vijana wa umri wako, na bodaboda walikuwamo. Hayo si ya kusimuliwa na Bibi. Mliyaona wenyewe kwenye simu zenu.

Kinachoua zaidi ni mvuke wake, ambao huuoni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unaingia mtaroni, unafuata bonde mpaka ukutane na jiko la mama lishe au pikipiki inayowashwa, halafu moto unarudi ulikotoka. Simu yako ukiizima, je, umemzimia na huyo mama jiko lake?

Umbali wanaofundishwa wazimamoto duniani ni huu: lori linalovuja petroli, kaa mita 50 kila upande kwa uchache, likiwa limemwaga nyingi, waondolewe watu mita 300 upande unakoelekea upepo, tangi likishika moto, mita 800. Mita 800 si kidogo, mwanangu. Na malori tunayo mengi, maana mafuta yanashushwa hapa hapa bandarini petu na kupandishwa Kilimanjaro na Arusha, kila tangi lita 30,000 na zaidi.

Jifunze kusoma bango la rangi ya chungwa nyuma na ubavuni mwa lori. Lina namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini ndiyo jina la mzigo kwa lugha ya dunia nzima: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1830 tindikali ya salfuriki, 1005 amonia, 1017 klorini. Ya juu inaeleza ubaya wake: 33 maana yake inawaka upesi mno, 80 maana yake inaunguza ngozi na chuma. Ukiona herufi X imetangulia namba ya juu, mzigo huo hautaki maji. Wewe unayekaa kijiweni siku nzima ukitazama malori yakipita ndiye shahidi bora Zimamoto wanaoweza kumpata. Ukiwapigia 114 ukawaambia "chini pameandikwa 1203", umewapa zaidi ya watu kumi wanaopiga kelele.

SWALI: Nina gereji ya betri Mikanjuni. Maji ya betri yakimwagika tunatupia takataka za mbao za seremala na kupiga Omo. Kuna aliyesema nakosea. — Fundi

JIBU: Aliyesema yuko sawa, fundi. Takataka za mbao weka kwa oili chafu na dizeli, hapo zinafaa. Kwenye tindikali zinaungua taratibu na nyingine, kama ya naitriki, zinaweza kuwaka kabisa. Omo haina kazi hapo. Kazi yake ni kuusindikiza uchafu mtaroni.

Zungushia mchanga kwanza isitembee. Kisha magadi, yale yale ya jikoni, nyunyiza kidogo kidogo kuanzia pembeni ukielekea katikati. Itatoa povu na kuchemka. Ukiona haichemki tena hata ukiongeza, imekufa. Chokaa ya Amboni nayo inafaa, lakini iwe ile iliyokwisha kuzimwa. Chokaa ghafi ukiitupa kwenye tindikali kali utajuta. Glovu za mpira, gambuti, miwani. Uchafu utie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, uandike juu yake, wala usiuchanganye na taka za nyumbani, kwa sababu mna madini ya risasi yaliyotoka kwenye betri, na risasi haifi kwa magadi. Hiyo huharibu akili za watoto. Usirudi nyumbani na nguo za kazi ukampakata mwanao.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi hapa Tanga. Mwalimu alitaja habari ya Abidjan. Je, gharama za kusafisha mji mzima zinatoka wapi ikiwa aliyemwaga ni tajiri wa mbali? — Msomaji wa Usagara

JIBU: Swali zuri, na mwalimu wako nampa heko.

Agosti 2006 meli Probo Koala, iliyokodiwa na kampuni ya Trafigura, ilifika Abidjan, Ivory Coast, na uchafu wa mafuta wenye sumu na uvundo. Ilishajaribu kuutua Amsterdam. Huko walipotajiwa bei kubwa ya kuusafisha, ukarudishwa melini. Abidjan ikapatikana kampuni ya hapo hapo iliyokubali kwa bei ya kutupa, na kweli ilitupa: usiku, kwa malori, kwenye madampo na mifereji ya mji. Watu zaidi ya 100,000 walikwenda kutafuta matibabu, na wapo waliokufa. Serikali ilibidi iite kampuni ya Ufaransa ije kuzoa, na udongo ukasafirishwa kwenda kuteketezwa Ufaransa. Mwaka 2007 Trafigura ilikubaliana na serikali kulipa dola kama milioni 198, bila kukiri kosa.

Tazama mpangilio wake. Sumu Agosti, makubaliano ya pesa mwaka uliofuata. Mji unaongoja pesa za mchafuzi ndipo uanze kuzoa, watu wake wanalala na sumu miezi. Kwa hiyo nchi zilizoumwa mapema zina mfuko. Marekani baada ya mtaa wa Love Canal, pale Niagara Falls, kugundulika umejengwa juu ya mapipa ya kemikali, ilitunga sheria 1980: serikali inaweza kusafisha kwanza kwa pesa za mfuko, kisha inamfuata mchafuzi mahakamani kudai kila senti. Kwa mafuta ya baharini wana mfuko mwingine, uliopewa nguvu na sheria ya 1990 baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989. Mchafuzi analipa, ndiyo, lakini hasubiriwi.

Na kila risiti inatunzwa. Saa za watu, lita za dizeli ya gari, chai ya wazimamoto. Bila karatasi hizo wakili wa tajiri atakumaliza asubuhi moja tu.

SWALI: Bibi Afya, wewe kila mara Ulaya, Ulaya. Tanga hata mitaro ya mvua inatushinda, utatuambia habari za mikataba na nguo za mwezini? Tuache. — Mzee wa Chumbageni

JIBU: Kaka yangu, nakusalimu. Umenikasirikia vizuri, lakini hujanijibu.

Msiba ukitokea Ngamiani usiku huu, yupo anayeuliza jeneza liko wapi? Liko msikitini. Mchimba kaburi anajulikana, mwenye turubai anajulikana, sufuria za ubwabwa zina mwenyewe. Hatuna utajiri, ila tumekubaliana kabla mtu hajafa. Ninachokitaka mimi kwa mapipa ni hicho hicho, hakizidi.

Hebu tuhesabu tulivyo navyo. Wenye maghala ya mafuta hapa wana povu la kuzimia moto na watu waliofundishwa. Bandari ina vifaa vyake. Magari ya kunyonya majitaka yanapita mlangoni kwako kila wiki, ingawa si kila gari linafaa. La majitaka ukilivutisha petroli umetengeneza bomu lenye matairi. Kule Houston, Texas, viwanda vilivyo kando ya mfereji wa meli vimeunda ushirika wa kusaidiana: kwa mmoja kukiungua au kukivuja, wengine wanapeleka povu, magari na watu, na wanafanya mazoezi pamoja. Ni washindani wa biashara, wakiuana sokoni mchana kutwa, lakini kwa moto ni kufa na kuzikana. Jiji la Tanga likiwaita wenye maghala, bandari, kiwanda cha saruji cha Pongwe na Zimamoto kwenye meza moja, karatasi ya namna hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mtu wa kuiandika na Mkurugenzi wa kuisaini.

Nimetaja kiwanda cha saruji kwa makusudi. Tanuru la saruji linafika nyuzi 1450 hivi, na nchi nyingi hutumia matanuru hayo, kwa kibali na kwa kupima moshi, kuteketeza oili chafu na udongo uliolowa mafuta. Miji mingi ya Afrika ingetamani kuwa na tanuru kama hilo mlangoni. Kibali na vipimo ndiyo kazi ya NEMC. Jiji linaloanza kuuliza leo litakuwa na jibu kabla ya pipa lijalo.

Kamati za maafa za mkoa, wilaya na kata zipo kisheria. Muulize diwani wako mara ya mwisho kamati ya kata ilikaa lini kuzungumzia kemikali, si mafuriko. Na haraka ninayo kwa sababu: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, hapo ng'ambo tu. Hao wa bomba watakuja na mipango yao mizito. Ya kwetu ya mtaani hawatatuandikia.

SWALI: Sisi wavuvi wa Sahare mara nyingine tunaona mafuta yanameremeta juu ya maji. Tumwage sabuni? — Nahodha

JIBU: Nahodha, sabuni hapana. Sabuni haiyaondoi mafuta, inayavunja na kuyazamisha kwa dagaa na kwenye mikoko, mahali ambapo hutayaona ila samaki watayala. Mizizi ya mikoko inapumua. Ikifunikwa mafuta inakabwa.

Kumeremeta huko si jambo dogo. Marekani sheria inasema mafuta yakifanya mng'ao juu ya maji, hata utando mwembamba, lazima aliyeyamwaga apige simu ya taifa inayopokelewa saa 24. Hawangojei yawe mengi. Wewe andika saa, mahali, upepo na mkondo vinakokwenda, na meli au boti iliyokuwa jirani, uwape watu wa bandari na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini. Mipango ya mafuta baharini kote duniani imepangwa kwa ngazi tatu: kidogo anakimaliza aliyemwaga kwa vifaa vyake, cha kati nchi inaingia, kikubwa unaitwa msaada wa nje. Taarifa yako ndiyo inayoamua ngazi.

Ikija ya kutisha, mikono yenu itatakiwa. Mauritius, meli Wakashio ilipopanda mwamba Julai 2020 na kuvujisha tani kama 1,000 kuanzia Agosti, wananchi walishona mirija mirefu ya nguo, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakaielekeza majini kuzuia mafuta. Hapa tuna usumba na makumbi ya nazi, na nyavu kuukuu zisizohesabika. Usumba mkavu ndani ya wavu hunyonya mafuta na kuelea muda wa kutosha. Lakini ukishalowa ni sumu: haukaushwi, hauwashiwi jiko, unawekwa kwenye pipa lenye mfuniko juu ya turubai, mbali na maji ya bamvua. Na wenye pumu na wajawazito wasiende ufukweni siku hiyo, harufu peke yake inatosha kuwalaza. Silikanti, yule samaki wa kale wa hifadhi yetu, anaishi kina kirefu na hawezi kuwapigia simu, kwa hiyo mpigieni nyie.

SWALI: Kipimajoto cha kioo kimevunjika chumbani, vidonge vya fedha vinakimbia sakafuni. Nifagie? — Mama Kichanga, Raskazone

JIBU: Usifagie, mama. Ufagio unavipasua vinakuwa vingi na vidogo. Hiyo ni zebaki. Mtoe mtoto, fungua madirisha, funga mlango wa ndani. Vua pete na bangili za dhahabu, kwa sababu zebaki huila dhahabu. Chukua karata mbili ngumu, visukume vidonge vikutane, vipandishe juu ya karatasi, uvitie kwenye chupa yenye mfuniko na maji kidogo. Vilivyobaki kwenye nyufa vinase kwa utepe wa gundi, au nyunyiza unga wa salfa kisha uukusanye. Kila kitu kitie chupani pamoja na vioo, upeleke kituo cha afya ukawakabidhi mkononi, usitupe chooni. Zulia kama limeingiliwa, litoe nje na usilikung'ute. Na ukinunua kingine nunua cha betri. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza hivyo vya zebaki.